Udzungwa ni ya miguu, si ya gari: uzoefu wangu wa kupanga safari na kupanda Sanje

Kama umezoea hifadhi za kusimama ndani ya gari huku kichwa kimetokeza juu ya paa, jambo la kwanza la kujua kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, ni kwamba msituni humo hakuna barabara ya kuzungukia wanyama. Unafika getini Mang'ula, unapewa mwongozaji, unatembea. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya gari, ulizia hali ya magoti yako na kalenda ya mvua.

Nasema hivyo kwa sababu wakala mmoja wa Dar aliniletea hesabu yenye gari la fobaifo la kukodi kwa siku zote, eti la kutuzungusha kutazama wanyama. Nilipomuuliza litapita njia gani humo ndani, akahamia kwenye habari za chakula. Tukaachana naye. Mimi na mama mdogo tukapanda basi la Ifakara pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Basi linapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kwa nauli hiyo hiyo utaona swala na twiga dirishani kama hujalala. Ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unakata kushoto kwenda Kidatu, halafu ni mashamba ya miwa upande huu na ukuta wa milima upande ule mpaka Mang'ula, kilomita 60 na ushei. Mwenye haraka siku hizi anaweza kuchukua treni ya SGR hadi Morogoro na kuunganisha basi pale.

Kuhusu majira, Machi hadi Mei ni masika, usiende: njia ni utelezi mtupu. Wengi watakushauri Agosti au Septemba kwa sababu ni pakavu. Mimi napendekeza Juni. Mvua zimekwisha, lakini maporomoko ya Sanje bado yana maji ya kutosha, na hayo ndiyo yanayowavuta wengi. Malipo ya kiingilio hayapokelewi kwa pesa taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo weka salio mapema. Beba na kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje ni mbingu na ardhi.

Njia ya Sanje inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 kaskazini ya makao makuu ya hifadhi, hivyo panga bajaji ya kukupeleka na kukusubiri. Kwenda na kurudi huhesabiwa saa nne hivi. Kwa mwendo wa mama mdogo, ongeza. Mwongozaji wetu, kijana wa huko huko, alimtazama miguuni kwanza.

"Shikamoo mama. Magoti yanaruhusu?"

"Marahaba mwanangu. Wewe tangulia, utanikuta."

Akatangulia kweli, na kila kwenye mizizi yenye utelezi alisimama akamnyooshea fimbo. Kwa mwongozaji namba hii, sina la kulalamika hata moja. Anajua mti kwa gome, anajua mnyama kwa mlio, na siafu alituonyesha kabla hatujawakanyaga. (Soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi. Nisikilize.)

Maporomoko yenyewe yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu. Ukiwa juu unaona bonde zima la Kilombero, miwa na mpunga hadi macho yachoke. Kuna kidimbwi cha kuogelea, maji ya baridi ya kukata pumzi. Tulikaa pale kuliko tulivyopanga, na mwongozaji hakututazamia saa.

Wanyama? Usije kutafuta simba. Tembo na nyati wapo, nasi tuliona kinyesi cha tembo katikati ya njia, lakini msitu mnene unaficha. Utakachoona ni mbega wekundu, makundi makubwa juu ya miti, wakirukaruka bila aibu. Ukibahatika utamsikia mangabe wa Sanje, nyani ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, baada ya kusikia mlio wasioujua wakamuuliza mwenyeji waliyekuwa naye, ambaye kwake huyo alikuwa nyani wa siku zote. Kwale wa Udzungwa naye alishtukiwa mwaka 1991, watafiti wa Denmark walipoona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula cha kambini. Hizo ndizo hadithi za hapa, na kwangu zinatosha. Ila mtu akikuahidi kipunji, aina nyingine ya nyani adimu, kwenye njia ya Sanje, mkatalie. Kipunji wa Udzungwa yuko msitu wa Ndundulu, mbali sana na huku.

Malazi ndipo mahali pa kuwa mkali. Gesti tuliyofikia, siitaji, ilikuwa safi lakini chandarua kilikuwa na matundu ya kupitisha kunguru. Bonde la Kilombero lina malaria, na si bure kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa ugonjwa huo iko Ifakara. Njoo na chandarua chako. Chakula hakina shida: wali wa mchele wa Kilombero na samaki wa mto, mama lishe wa barabarani wanaupatia kuliko hoteli.

Mwenye watoto wadogo au mgongo mbovu aachane na Sanje, achukue njia fupi ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, iliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyeizindua hifadhi mwaka 1992. Mwenye mapafu yake aulizie kilele cha Mwanihana: kilomita 38, siku tatu, unalala kwenye hema. Na tiketi ya kurudi Dar kata jana yake, kwa sababu mabasi huja yameshajaa kutoka Ifakara, na kusimama mpaka Morogoro baada ya kupanda Sanje simtakii mtu.