Kukodi boti ya matanga visiwa vya Ugiriki: anza na upepo, boti baadaye

Wengi wanaopanga wiki ya baharini Ugiriki huanza na picha ya Santorini, kisha ndipo hutafuta boti ya kuwafikisha. Nakushauri uanze na upepo, ufuate nahodha, boti yenyewe iwe ya mwisho. Ndivyo nilivyopanga machaguo haya, nikimfikiria mnunuzi wa aina moja: kundi la watu sita hadi wanane, ndugu au marafiki waliochangishana, wanaotoka Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Berlin, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika usukani wa boti ya matanga.

Tuitazame hiyo Santorini kwanza. Kampuni nyingi za kukodisha huweka boti zao Alimos, marina kubwa iliyo kusini mwa Athens. Kutoka hapo hadi Santorini ni maili za baharini kama 120, na boti ya futi 40 huenda maili 5 au 6 kwa saa. Hizo ni saa 20 na ushei za kwenda tu. Wiki ya kukodi nayo huanza Jumamosi jioni, na Ijumaa jioni boti inatakiwa iwe imesharudi gatini. Hata ukifika, maji yaliyo chini ya yale majabali ni marefu mno kwa nanga ya kawaida. Anayeitaka Santorini apande feri katika bandari ya Piraeus. Atafika siku hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Bahari ipi

Ugiriki ina bahari kadhaa zenye tabia tofauti, na Julai na Agosti ndipo tofauti hiyo huonekana wazi. Visiwa vya Cyclades, yaani Mykonos, Paros, Naxos na jirani zao, hupigwa na meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kufika nguvu ya 5 hadi 7 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort na kushikilia siku kadhaa mfululizo. Aliyekulia Lamu au Pemba akalijua kusi la Julai ataelewa ninachosema, ila kusi huja na mawingu, na meltemi huvuma mbingu zikiwa buluu tupu. Mgeni huangalia juu, akaona jua, akadhani bahari ni shwari.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Ghuba ya Saronic. Ukitoka Alimos, Aegina iko umbali wa saa tatu hivi. Hapo utanunua pistachio zinazolimwa kisiwani, na ukipanda kilimani utaliona hekalu la Aphaia, lililojengwa yapata mwaka 500 KK. Poros ina gati ndefu iliyokingwa vizuri, na mlango wa bahari unaoitenga na bara ni mwembamba kiasi kwamba watu huvuka kwa boti ndogo siku nzima. Ukitia nanga Palaia Epidavros, upande wa bara, teksi itakupeleka kwenye ukumbi wa maonyesho wa karne ya 4 KK ambao hadi leo michezo huigizwa ndani yake.

Halafu kuna Hydra, kisiwa kisicho na magari, ambako mizigo hubebwa na nyumbu na punda. Ukiniambia una nafasi ya kisiwa kimoja tu, nitakwambia nenda Hydra. Lakini bandari yake ni ndogo. Majira ya joto boti hupangwa safu mbili, hata tatu, na nanga hukwamana chini ya maji, kiasi kwamba asubuhi aliye gatini hawezi kutoka mpaka aliyefunga nje yake aamke. Nahodha anayeijua ataingia mapema mchana, au atafunga boti Ermioni upande wa bara kisha mvuke kwa boti ya abiria. Mwulize jambo hilo kabla hujamkodi. Jibu lake litakuonyesha kama kweli anaijua ghuba.

Bahari ya Ionia, magharibi, naiweka ya pili kwa sababu tu ya safari ya kuifikia. Maji yaliyo kati ya Lefkada, Meganisi na Ithaca yamezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Asubuhi hutulia, upepo huamka baada ya adhuhuri, jioni hulala. Kwa watoto na kwa wenye kichefuchefu cha bahari hakuna mahali pazuri zaidi. Utashukia uwanja wa ndege wa Aktion karibu na Preveza, au utakwenda kwa gari moja kwa moja hadi Lefkada, maana kisiwa hicho kimeunganishwa na bara kwa daraja. Usikose Fiskardo, kaskazini mwa Kefalonia: tetemeko la mwaka 1953 lilibomoa sehemu kubwa ya kisiwa, kijiji hiki kikabaki na nyumba zake za zamani.

Sporades, yaani Skiathos, Skopelos na Alonissos, ni ya tatu, nayo ina misitu ya misonobari inayoshuka hadi ufukweni. Cyclades nenda Juni mwanzoni au Septemba mwishoni, uanzie bandari ya Lavrio, uridhike na visiwa vya Kea na Kythnos.

Ukodi kwa namna gani

Chaguo la kwanza kwa kundi nililolitaja ni boti ya matanga ya mwili mmoja, futi 40 hadi 46, pamoja na nahodha wa kukodi. Boti ya futi 40 yenye vyumba vitatu, msimu wa joto, mara nyingi huangukia kati ya yuro 2,500 na 5,000 kwa wiki kulingana na umri wake. Mei na Oktoba bei hushuka sana. Nahodha hulipwa kando, takriban yuro 150 hadi 250 kwa siku, na chakula chake kiko juu yenu. Naye anahitaji pa kulala. Watu sita na nahodha kwenye boti ya vyumba vitatu maana yake kuna mtu atalala sebuleni, kwa hiyo chukueni ya vyumba vinne.

Pesa ya nahodha ndiyo naitetea kuliko zote. Ugiriki boti hufungwa kwa tezi, yaani upande wa nyuma: unadondosha nanga mbele, unarudi nyuma kati ya boti mbili za watu, upepo ukikusukuma ubavuni, na gatini watu wanakutazama. Kazi hiyo hurudiwa karibu kila jioni. Mwenye kuizoea huimaliza kwa dakika chache. Asiyeizoea huharibu boti tatu kwa mpigo.

La pili ni katamarani, yaani boti ya miili miwili, na nahodha. Hailalii upande, ina sebule pana, na kupanda na kushuka ni rahisi. Mkisafiri na bibi, mjomba mwenye magoti mabovu au mtoto anayetambaa, hili linapanda kuwa la kwanza bila mjadala. Ubaya wake ni bei, ambayo mara nyingi hukaribia maradufu, na upana: ada ya gati huongezeka, na bandari kama Hydra huenda isiwe na nafasi yake Agosti.

Mkiwa wawili au watatu, msikodi boti nzima. Tafuteni safari zinazouza chumba kimoja kimoja ndani ya boti yenye nahodha. Mtashiriki meza na wageni na ratiba si yenu, lakini hesabu inakubali.

Boti bila nahodha naiweka ya nne, na kwa wenye cheti peke yao. Sheria ya Ugiriki inataka nahodha mwenye cheti kinachotambulika na msaidizi mwenye uzoefu. Mtumie wakala picha ya cheti, akubali kwa maandishi kabla hujalipa senti. Mwenye cheti kipya ajiunge na msafara wa boti kadhaa unaoongozwa na boti ya kampuni. Bahari ya Ionia ina misafara mingi ya namna hiyo.

Ya mwisho ni boti kubwa ya injini yenye wahudumu. Inapendeza, sikatai. Lakini juu ya bei ya wiki utalipa mapema fungu la matumizi, kwa kawaida asilimia 25 hadi 35 ya bei hiyo, na mafuta hulila haraka.

Gharama zinazojificha, na viza

Mwombe wakala bei moja yenye kila kitu: VAT, usafi wa mwisho, shuka na taulo, injini ya boti ndogo ya mpira, na kodi ya kusafiri baharini iitwayo TEPAI, ambayo tangu 2019 hutozwa vyombo vyenye urefu wa zaidi ya mita 7. Akikataa kuijumlisha, tafuta mwingine. Dhamana huwa yuro elfu kadhaa zinazozuiwa kwenye kadi, hivyo uliza mapema kama kadi ya benki yako itapokelewa na kikomo chake kinatosha. Ipo bima ya kupunguza dhamana hiyo, mimi ningeichukua.

Kwa wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ndiyo hatari kubwa kuliko meltemi. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari; peleka mapema. Mikataba mingi hudai nusu ya bei wakati wa kuweka nafasi na nusu nyingine wiki chache kabla ya kuanza, kwa hiyo hakikisha imeandikwa kitakachotokea mmoja wenu akinyimwa viza. Majina ya wote huingia kwenye orodha ya watu wa chombo; kumbadilisha mtu ni lazima kampuni ijue. Na mkiwa katika visiwa vya Kos au Symi, pwani ya Uturuki inaonekana kwa macho. Msikubali kuvuka kwa chakula cha mchana. Mtakuwa mmetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haitawarudisha.

Siku ya kupokea boti

Msiharakie kupanga vyakula kabla ya ukaguzi. Pigeni picha za mwili wa boti pande zote, hasa tezi na omo, yaani nyuma na mbele. Shusheni nanga na kuipandisha kwa mashine yake mbele ya mtu wa kampuni. Washeni injini ya boti ya mpira, pampeni kila choo, fungueni matanga yote, hesabuni makoti ya kujiokolea na muulize kama ya watoto yapo. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Ijumaa ya kurudi fikeni Alimos mapema mchana, kwa sababu boti zote za wiki hiyo hujaza mafuta mchana huo huo na foleni huwa ndefu.