Saiba ya ghorofani Malindi, kwa wanaoomba vyuo vya Marekani

Mdogo wangu kafanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, mara mbili: ya pili hesabu ilipanda, kusoma na kuandika kukashuka. Atume matokeo yote au ya siku moja? Kijana wa saiba hii, nyuma ya soko la zamani, hakukurupuka. Alifungua ukurasa wa kila chuo tukasoma pamoja. MIT huangalia alama ya juu ya kila sehemu, basi zote mbili zina faida. Georgetown hutaka zote, upende usipende. Kwingine unachagua tarehe mwenyewe. Ushauri hakututoza, Mungu ambariki. Ila kuchapisha ni ghali, feni inazunguka kwa hisani, na Ijumaa adhuhuri msijisumbue, mlango umefungwa. Nendeni asubuhi, na nywila ya College Board, wenye mtihani wa SAT, muwe nayo.