Mbegu chotara ya mpunga: mavuno nimeyapenda, maelezo ya pakiti hayatoshi

Msimu uliopita nilipanda pakiti moja ya mbegu chotara ya mpunga, yaani iliyozaliwa na koo mbili tofauti, katika jaruba lililo karibu na mfereji, na majaruba mengine nikayapanda SARO 5, aina ya mpunga isiyo chotara, kama kawaida, nikangoja mpaka nimevuna ndipo niandike. Kwa mavuno sina lalamiko: mche mmoja mmoja niliopandikiza ulitoa machipukizi mengi, na jaruba hilo liliyashinda mengine yote.

Kilichonisikitisha ni usafi wa mbegu. Masuke yalipoanza kuinama, mashina machache yalibaki wima, na suke la kila mojawapo lilikuwa limetoka nusu tu, sehemu ya chini ikiwa bado imefungwa ndani ya ala ya jani la mwisho. Nilifungua ua moja kwa ukucha nikakuta vifuko vya chavua vimesinyaa na kuwa vyeupe, ilhali vya shina la jirani vilikuwa vya manjano, vimejaa, na vilipoguswa viliacha unga kidoleni. Huo haukuwa ugonjwa. Mashina hayo yalikuwa ya ukoo wa mama wa chotara, ambao kwa upande wa dume ni tasa.

Utasa huo ndio unaowezesha mbegu hii kuwapo, kwa sababu mpunga hujichavusha wenyewe na hakuna awezaye kuondoa sehemu za dume ua kwa ua katika shamba zima. Mwaka 1970, kikundi cha mtafiti Yuan Longping kilipata katika kisiwa cha Hainan, China, mpunga mwitu ambao chavua yake hufa kabla ya kukomaa. Chanzo chake ni jeni iitwayo WA352, iliyomo katika mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, na kwa kuwa mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama, kila mtoto wa mmea huo huzaliwa nayo. Ili ukoo tasa uendelee, huchavushwa na ukoo mtunzaji, ambao unafanana nao katika jeni za kiini lakini saitoplazimu yake, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini yenye mitokondria, ni nzima. Ili upatikane mpunga wa kuuzia wakulima, huchavushwa na ukoo mrejeshaji, wenye jeni kama Rf3 katika kromosomu ya 1 na Rf4 katika kromosomu ya 10, ambazo huirudishia chavua uhai. Mimea ya mtunzaji ikiachwa katika mistari ya mama kwenye shamba la mbegu, chavua yake huzaa mbegu tasa, na mkulima huzilipia sawa na zile nzima. Kuing'oa mapema ni wajibu wa mzalishaji.

Pakiti imeandikwa tu kwamba mbegu isirudiwe kupandwa, bila kutaja sababu, nami naona hilo ni kosa kubwa, maana mkulima asiyeelezwa hudhani anabanwa ili anunue tena. Ukweli ni kwamba saitoplazimu tasa imo katika kila punje ya chotara, lakini jeni za urejeshaji hugawanyika katika kizazi cha pili, hivyo baadhi ya mimea huzikosa kabisa na kutoa mapepe, yaani punje tupu, na mingine hutofautiana kwa urefu na kwa siku za kukomaa.

Nitainunua tena kwa jaruba lile lile la mfereji, ambako maji hayakatiki, na nitayakagua maua asubuhi za mwanzo wa kuchanua. Kwingine kote nitabaki na SARO 5, ambayo mbegu yake naweza kujiwekea.