Spiriti au siki kwa nguzo mpya ya kudansia?

Nguzo mpya huteleza kwa sababu mara nyingi hufika ikiwa na mabaki ya mafuta na dawa ya kung'arishia chuma kutoka kiwandani. Ukiipangusa kwa kitambaa cheupe kikavu, aghalabu utaona alama ya kijivu.

Katika kuondoa mafuta hayo, spiriti ya asilimia 70 inashinda waziwazi, kwani huyayeyusha na kukauka upesi bila kuacha utando. Hata hivyo, pangusa kutoka juu kwenda chini huku ukigeuza upande safi wa kitambaa, la sivyo utakuwa unahamisha uchafu tu, na urudie mpaka kitambaa kitoke safi. Spiriti hushika moto na hukausha ngozi, na ngozi kavu mno nayo huteleza, kwa hiyo fungua madirisha na uiache nguzo ikauke kabisa kabla ya kuishika.

Siki iliyochanganywa na maji kwa kawaida ni nafuu zaidi, nayo huondoa vizuri chumvi ya jasho, lakini mbele ya mafuta mazito ni dhaifu. Kwa kuwa ni asidi, isiachwe ikae juu ya kromu au shaba ya manjano.

Mwenye nguzo mpya ya kromu angeanza na spiriti. Anayefanya mazoezi kila siku na kusumbuliwa na jasho anaweza kutosheka na siki baadaye. Nguzo iliyopakwa rangi ifuate maelekezo ya mtengenezaji, kwa maana spiriti inaweza kuharibu rangi hiyo.