Uzoefu wangu: mtambo uliotumika wa kuinulia boti

Tangu tuhamie kando ya ziwa hapa Minnesota, boti yetu ya futi 17 ilikuwa ikilala majini, imefungwa kwenye gati la nyumbani, na kila upepo ulipovuma usiku nilisikia ubavu wake ukigonga nguzo. Mtambo mpya wa kuiinulia, yaani kiunzi kinachosimama ziwani kwa miguu yake na kuishika boti juu ya maji, ulinishinda bei, kwani nilitajiwa zaidi ya dola 5,000, hivyo Aprili mwaka jana nilinunua uliokwisha kutumika, wa alumini, kwa dola 1,400, kutoka kwa mkazi wa ziwa jingine.

Kiunzi chenyewe sina la kukilalamikia. Viungio vilivyochomelewa havikuwa na ufa, na bamba la kiwandani, linaloonyesha uzito ambao mtambo unaweza kuinua, lilisomeka vizuri: pauni 3,000, yaani takriban kilo 1,360. Namba hiyo ndiyo ya kutazamwa kabla ya bei, wala isilinganishwe na uzito wa boti tupu, kwa sababu mtambo huinua pia injini, betri, nanga na mafuta yaliyomo tangini. Lita 100 za petroli peke yake hupita kilo 70.

Kasoro ilikuwa kwenye waya za chuma zinazoinua boti. Muuzaji alinihakikishia kwamba zote alizibadilisha, nami nikatazama sehemu zilizo wazi tu, ambazo kweli ziling'aa. Siku ya kwanza nilipozungusha gurudumu la winchi, kifaa kinachouviringisha waya, nikasikia mlio mkali, na tulipoukunjua waya wote tulikuta mizunguko ya ndani imeliwa na kutu, nyuzi kadhaa zimekatika. Nilimshukuru Mungu kwamba boti ilikuwa haijatoka majini, kwa maana mke wangu alikuwa amesimama gatini kando yake. Waya mpya za chuma cha pua, pamoja na kapi mbili zilizolika, zilinigharimu dola 260. Anayekwenda kununua na aombe waya ukunjuliwe mpaka mwisho mbele ya macho yake, kisha aupitishie kitambaa, kwani uzi uliokatika hukinasa.

Kununua mapema katika majira ya kuchipua kulinifaa kwa jambo moja. Sheria ya jimbo hairuhusu mtambo uliotolewa ziwa moja kuwekwa katika jingine kabla ya siku 21 kupita, kwa kuhofia kome wenye milia ambao wameshavamia maziwa mengi hapa, na huu ulikuwa nchi kavu tangu vuli. Hata hivyo tulikuta maganda yao ndani ya miguu, tukayakwangua palepale kwa muuzaji, maana kuwasafirisha ni kosa.

Ambalo sikuliuliza ni magurudumu. Mtambo hutolewa ziwani kila mwaka kabla maji hayajaganda, na kwa kuwa wetu ulikuja bila magurudumu yake, Oktoba ilipofika tulilazimika kuwaomba majirani wanne watusaidie kuuburura hadi ufukweni.