Kula kwenye bustani ya burudani: kipi kinashibisha kwa pesa yako, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Chakula cha bustani ya burudani ni ghali, na hakuna ujanja utakaokifanya kiwe rahisi. Ukishapita getini, mgahawa hauna jirani wa kushindana naye bei, na kutoka nje kwenda kutafuta kingine kunakula saa nzima. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kuna kona ya siri yenye bei ya mtaani. Ninachoweza kukupangia ni wapi pesa ile ile inalisha watu wengi zaidi.

Kigezo changu kikuu ni kimoja: je, chakula hiki kinagawanyika? Watu hupima kwa macho, wakiona sahani imejaa wanasema hapo ndipo kwenye nafuu. Si lazima. Sahani kubwa anayohangaika nayo mtu mmoja, nusu ikaishia kwenye pipa, ni hasara kuliko sahani ya wastani iliyoliwa na wawili wakaridhika. Na pale mgahawa unapotoza kwa kichwa badala ya kwa sahani, kugawana kumezuiwa tangu mlangoni.

Kigezo cha pili ni muda. Kama bustani iko wazi kwa muda wa saa 10 nawe ukakaa mezani kwa saa moja na nusu, asilimia 15 ya tiketi yako imeliwa hapo, na haionekani kwenye risiti. Kwa kijana aliyekuja kupanda bembea hiyo ni hasara. Kwa bibi aliyechoshwa na jua, saa moja na nusu kwenye kiyoyozi ni sehemu ya alichokifuata. Hesabu kulingana na watu ulio nao.

Kilicho nje ya orodha

Chakula ulichobeba mwenyewe hakina mshindani kwa bei, ila hukununua ndani, ndiyo maana sikukipa namba. Kanuni zinatofautiana sana. Bustani za Disney za Florida na California zinakuruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi usibebe vyombo vya kioo wala barafu iliyomwagwa wazi kwenye mkoba. Knoebels, ya Pennsylvania, haitozi kiingilio wala maegesho, na vikapu vya chakula ni ruksa. Bustani za kampuni ya Six Flags kwa kawaida hazitaki chakula cha nje, isipokuwa kwa sababu kama za kiafya. Tokyo Disneyland ina sehemu yake nje ya lango kwa wenye vyakula vya kubeba. Soma kanuni za bustani unayokwenda kabla hujafunga mkoba. Mlinzi wa getini hatabishana nawe, atakuonyesha pipa tu.

Kupima kabla ya kulipa

Kuagiza kwa kuangalia picha ya menyu ni kununua mbuzi kwenye gunia. Picha imepigwa kwa karibu, na mpigaji amechagua chombo. Mbelgiji Joseph Delboeuf alionyesha katika karne ya 19 kwamba duara lile lile huonekana dogo likizungukwa na duara kubwa lenye nafasi, na kubwa zaidi likibanwa na ukingo wa karibu. Wali ule ule ukiwekwa kwenye kibakuli unafurika, ukiwekwa kwenye sahani pana unatia huruma. Usiamini chombo.

Simama badala yake pale watu wanaporudishia trei. Dakika tatu zinatosha. Trei baada ya trei ikirudi na rundo la chipsi zilizopoa, umejua mambo mawili: kipimo cha pale ni kikubwa, na chipsi ndizo zilizokijaza. Trei zikirudi tupu, angalia waliokuwa wanakula ni akina nani. Watoto wawili wakimaliza sahani ya mtu mzima hadi mwisho, wewe na mwenzako hamtashiba kwa sahani hiyo moja.

1. Sahani kubwa ya kaunta, iliyo na vipande

Huyu ndiye mshindi, tena kwa mbali. Nazungumzia mgahawa wa kuagiza kaunta na kubeba trei mwenyewe, na hasa sahani ambazo nyama yake inahesabika: kuku wa vipande, mbavu, bakuli la wali na nyama juu, piza nzima. Vyakula hivi vinagawanyika bila ugomvi. Baga haigawanyiki, ukiikata katikati mchuzi unamwagika na kila mmoja anabaki anaitamani nusu ya mwenzake. Familia ya watu wanne yenye watoto wadogo mara nyingi hutosheka na sahani mbili kubwa za namna hii pamoja na kitu kimoja cha pembeni. Omba sahani tupu za ziada, wanazo.

Kwenye piza fanya hesabu ya shule. Ukubwa wa duara unakwenda kwa kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo piza moja ya sentimita 30 ni kubwa kuliko piza mbili za sentimita 20 zikiwekwa pamoja: 900 dhidi ya 800. Piza ndogo za mtu mmoja mmoja ndizo zinazokula pesa kimya kimya.

Agiza kwa programu ya simu kama bustani inayo. Sababu yangu si kukwepa foleni tu. Kwenye simu unaiona menyu yote, pamoja na vile vitu ambavyo bango la juu ya kaunta halivitaji: nyama bila chipsi, kitu cha pembeni peke yake, nyongeza ya wali. Seti iliyounganishwa na chipsi na soda huonekana nafuu hadi utenganishe bei zake. Na menyu unaweza kuisoma ukiwa nyumbani, siku moja kabla, wakati huna njaa na hakuna mtoto anayekuvuta shati.

Soda ya kwenye seti ni ya kuangalia kwa jicho kali. Barafu ikijazwa hadi ukingoni inakula karibu nusu ya nafasi ya kikombe. Kwenye bustani za Disney za Marekani, kaunta zinazouza soda za mashine hukupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Watu wengi hawaombi kwa kuona aibu. Omba, hata ukiwa huna kingine unachonunua.

Kwenye kundi hili naingiza pia mguu wa bata mzinga, ambao umekuwa kama nembo ya bustani hizi. Ni mguu wa dume, ndiyo maana unaushinda mbali ule wa jikoni kwako, na unakadiriwa kuwa na uzito wa gramu 700 hivi pamoja na mfupa. Nyama yake imelowekwa kwenye chumvi na kufukizwa moshi, hivyo ladha yake inakaribia ile ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Wawili wanatosheka nao. Ila una mishipa migumu inayokwama kwenye meno, unatia kiu, na kuugawana bila kisu ni vita. Beba vitambaa vya kujifuta na uwe na maji tayari, la sivyo utalipia soda mbili ambazo hukuzipangia.

2. Mlo wa mtoto, kwa mtu mzima

Kwenye kaunta mara nyingi hakuna anayekuuliza umri. Mlo wa mtoto huja na kitu kikuu, vitu viwili vya pembeni na kinywaji, kwa bei ya chini sana kuliko ya mkubwa. Kama kifungua kinywa kilikuwa kizito, unakutosha kwa mchana. Mtu mwenye njaa ya kweli asijidanganye: akinunua miwili amefika kwenye bei ya sahani kubwa na bado nyama ni kidogo. Migahawa ya kuhudumiwa mezani huwa na masharti zaidi, uliza kwanza.

3. Kikombe cha kujazwa tena na ndoo ya bisi

Unalipa zaidi mara moja, kisha unajaziwa bure au kwa bei ndogo. Kwa kundi linalokaa kutwa ni ununuzi mzuri, ila soma masharti mawili: kinajazwa kila baada ya muda gani, na wapi. Vikombe vya bustani za Universal vina chipu inayokufanya usubiri dakika 10 kati ya kujaza na kujaza. Vikombe vya hoteli za Disney World, ile Disney ya Florida, hujazwa hotelini, si ndani ya bustani, na wageni wengi huligundua hilo wakiwa wameshakibeba kutwa nzima. Ukienda Holiday World, Indiana, usinunue kikombe chochote: tangu 2000 soda pale ni bure kwa kila aliyeingia.

4. Bufee

Bufee inapendwa kwa sababu moyo unatulia. Umeshalipa, sasa ni kula tu. Lakini ndiyo mahali ambapo kigezo changu kinavunjika. Unalipa kwa kichwa. Mama anayekula kidogo anamlipia kijana anayekula mara tatu, na hakuna cha kubeba kwenda nacho.

Inalipa kwa makundi mawili. La kwanza ni wenye vijana wa kiume wenye njaa. La pili ni wenye watoto walio karibu na mpaka wa umri. Kwenye migahawa ya Disney World, aliye chini ya miaka 3 hula bure kwenye sahani ya mzazi, wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, na akifikisha 10 analipa kama baba yake. Mtoto wa miaka 9 mwenye tumbo la kumi na tatu ndiye mteja wa bufee aliyekamilika.

Ukienda, nenda mara moja kwa siku, mapema kidogo kabla ya saa za msongamano au mwishoni mwake, ili uwe mlo mkuu na vingine viwe vitafunio. Anza mzunguko bila sahani mkononi. Mkate, wali na saladi hupangwa mwanzoni mwa meza, na nyama ya kukatwa hukaa mwisho, ikiwa na mpishi anayekukatia kipande kimoja chembamba. Muombe cha pili pale pale; kurudi kunakuweka kwenye foleni upya.

5. Kifurushi cha chakula cha kutwa

Nimekiweka chini makusudi, ingawa mabango yake ndiyo makubwa kuliko yote getini. Vifurushi vya bustani zilizokuwa za kampuni ya Cedar Fair, kama Cedar Point na Kings Island, hukupa kitu kikuu na cha pembeni kila baada ya dakika 90. Kwa saa 10 hiyo inafika milo saba kwenye karatasi. Nani anakula milo saba, tena huku akipinduliwa kichwa chini miguu juu? Hesabu milo utakayokula kweli, ambayo ni miwili au mitatu, kisha linganisha. Kama bei ya kifurushi ni sawa na milo miwili na nusu, nusu ya mlo wa tatu ndiyo faida yako pekee, na utakuwa umekaa foleni mara tatu kuipata. Pia kifurushi ni cha mtu mmoja. Kugawana ni kinyume cha masharti.

Kifurushi cha msimu mzima ni habari nyingine. Anayeishi karibu na bustani na kwenda mara kwa mara hatapata chakula cha nafuu kuliko hicho ndani ya geti lolote.

Mpango wa chakula wa Disney World, uliorudi Januari 2024 baada ya kusimama tangu 2020, una sharti linalouangusha kwa familia nyingi: kila mtu wa chumba kimoja aliye na miaka 3 na zaidi lazima aingie, kwa siku zote za kukaa. Bakshishi haimo. Mlaji mdogo mmoja anatosha kuiharibu hesabu.

6. Mgahawa wa kuhudumiwa mezani

Hapa sahani mara nyingi si kubwa kuliko ya kaunta, na juu yake unaongeza bakshishi na ule muda niliousema. Unacholipia ni kiti, ubaridi na mandhari. Europa-Park ya Ujerumani ina mgahawa uitwao FoodLoop, ambako chakula kinashuka kwenye reli hadi mezani kikiwa ndani ya vyungu; Alton Towers ya Uingereza nayo ina wa kwake wa namna hiyo tangu 2016. Ni burudani halali, na uihesabu kwenye bajeti ya burudani. Migahawa ambako wahusika wa katuni hupita meza kwa meza inaweza kulipa kama ungesimama foleni ndefu kuwaona nje. Kwa tumbo peke yake, hailipi.

7. Vibanda vya vitafunio

Vya mwisho. Sahani ndogo za kuonja, kama zile za tamasha la vyakula la EPCOT, mojawapo ya bustani za Disney World, zinavutia, lakini mtu mwenye njaa anahitaji kadhaa ili ashibe, na jumla yake imeshaupita mlo wa mezani. Vinywaji kwenye vikombe vya umbo la mnyama au kasri ni kununua plastiki yenye soda ndani.

Kuna vinavyopita mtihani. Mkate wa mdalasini wa Dollywood, Tennessee, unaookwa pale kwenye kinu cha nafaka, unauzwa mzima mzima ukiwa wa moto, na unamegeka kwa mkono. Mmoja unatosha watu watatu au wanne. Foleni yake huwa ndefu, kwa hiyo mtume mmoja wenu akapange wakati wengine wako kwenye bembea.