Sedani ya otomatiki ya mkononi Dodoma: ipi uchukue, ipi uiache

Tuseme una Toyota IST na unataka kuhamia sedani ya otomatiki iliyokwisha kutumika. Anayetoka kwenye IST ya lita 1.5 kwenda Toyota Premio ya lita 1.5 anatoka kwenye injini ya 1NZ-FE na kuingia kwenye injini ya 1NZ-FE. Dalali hakwambii hilo. Unachoongezewa ni buti la maana, siti ya nyuma ambayo watu wazima watatu wanakaa bila kubanana, na gari linalotulia ukiwa kilomita 100 kwa saa. Unachopoteza ni wepesi, kwa sababu injini ileile sasa inavuta zaidi ya kilo 100 za ziada.

Kwa hiyo jua kwanza unatafuta nini. Kama ni nguvu ya kuyapita malori kwenye miinuko kati ya Kibaigwa na Gairo, sedani ya 1.5 haitakupa. Kama ni nafasi, ukimya wa ndani na kufika Mtumba shati halijalowa jasho, itakupa. Na kama sababu kubwa ni safari za Dar, kumbuka treni ya SGR inabeba abiria mpaka Dodoma tangu 2024. Mafuta ya kilomita 450 kwenda na 450 kurudi yapambanishe na nauli yake kabla hujauza IST yako.

Hesabu nyingine ni ya kila mwezi. Chukua kilomita 1,200 kwa mwezi na petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Gari linalokwenda kilomita 13 kwa lita linakula kama 277,000. Linalokwenda kilomita 8 kwa lita linakula 450,000. Tofauti hiyo kwa mwaka inapita milioni 2, na hapo hujagusa tairi wala plagi. Ndiyo maana orodha hii haianzi na Mark X.

Tumebaki na Toyota kwa sababu moja tu: spea. Kisichopatikana Dodoma leo jioni kinapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo au Ilala, kesho asubuhi fundi anakifunga. Nissan na Subaru nzuri zipo, ila gia boksi ya CVT (ya mkanda na puli, isiyo na gia za hatua) ya Nissan Sylphy ikigoma hapa, subiri yake ni ndefu na mafundi wa kuifungua ni wachache.

1. Premio au Allion ya kuanzia 2007 (T260), injini ya 1.5 au 1.8

Ni gari moja lenye sura mbili. Chukua lililo zima zaidi, jina liache. Ya 1.5 ina 1NZ-FE, ya 1.8 ina 2ZR-FE au, kwa za baadaye, 2ZR-FAE, na zote zinatumia cheni badala ya mkanda wa taiming. Kwa anayekaa mjini, 1.5 inatosha. Anayekwenda Singida, Iringa au Arusha kila mwezi akiwa na familia na mizigo atafute 1.8, tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa injini ndogo inayolazimishwa mlimani nayo inakunywa.

Udhaifu wake ni gia boksi ya CVT. Ndani hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachoufanya ushike bila kuteleza ni oili maalumu. Fundi akimimina haidroliki ya kawaida ya otomatiki humo, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na gia boksi imekwisha. Oili yake imeandikwa CVT Fluid: TC kwa za mwanzo, FE kwa za baadaye. Muulize muuzaji iliwekwa ipi na lini. Akijibu "haidroliki nzuri tu", gari hilo liache hapohapo, hata likiwa limeng'arishwa kama kioo.

2. Corolla Axio

Kwa mtu mmoja au familia ya watoto wadogo, Axio ni uamuzi wa akili kuliko Premio. Injini ya 1.5 kwenye nyingi ni ileile 1NZ-FE, mwili mwepesi, mafuta kidogo. Ya 2006 hadi 2012 imetulia zaidi kwenye barabara mbovu. Ya baada ya hapo imejengwa juu ya jukwaa la Vitz, na unalihisi hilo ukiingia kwenye makorongo ya Nkuhungu. Nyingi nazo ni CVT, kwa hiyo onyo la oili ni lilelile. Jihadhari na zilizotoka kazini kwenye teksi za mtandao: bei yake inavutia, siti ya nyuma imelala kuliko ya dereva, na vipini vya milango ya nyuma vimechakaa.

3. Premio au Allion ya 2001 hadi 2007 (T240), 1.5 peke yake

Wengi wanaikimbia kwa sababu ya umri. Lakini ya 1.5 ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, ambayo kila fundi wa otomatiki anaijua, inatumia oili ya T-IV, na ina kijiti cha kupimia oili. Kwa bajeti ndogo hii ndiyo yenye mshangao mchache.

Sisitiza 1.5. Ya 1.8 ina 1ZZ-FE, na za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinakwama, oili inaungua pamoja na petroli. Ya 2.0 ni 1AZ-FSE, maarufu kama D-4: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, pampu yake ya presha ni ghali, na bolti za silinda hedi huwa zinang'oka na nyuzi zake kwenye bloku. Gari likichemsha bila sababu ya kueleweka na injini ni hiyo, usijadili bei.

4. Mark X

Ina mvuto wake, hatubishi. Ya 2.5 ina injini ya V6 ya 4GR-FSE, na ya tairi za nyuma ina gia boksi ya gia sita iliyo imara kuliko CVT yoyote iliyotajwa hapo juu. Barabara ya Dodoma kwenda Singida inaimaliza bila kuhema.

Gharama ndiyo inayoishusha. Plagi ni 6, oili ya injini ni zaidi ya lita 6, na mjini tegemea kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Kwa kuwa nayo ni D-4 na petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kaboni inajenga juu yake. Dalili ni mtetemo gari likiunguruma limesimama na kumisi asubuhi. Iliyofungwa rimu za 18 na tairi za 225/45 haina mpira wa kutosha kati ya rimu na shimo, na barabara za mitaa mipya ya Ilazo au Iyumbu hazina huruma. Tafuta yenye rimu za 16. Crown ya injini hiyohiyo ihesabu hapahapa, ukiongeza gharama ya vifaa vyake vya umeme.

5. Brevis, Mark II na ndugu zake

Bei ya chini, siti za kifahari, na sababu ya bei kuwa chini iko chini ya boneti. Brevis zote ni D-4 ya silinda sita. Mark II ya 2.0 yenye 1G-FE inavumilika. Nyingine zinunuliwe na fundi mwenyewe.

Soma kibati, usisome beji

Beji ya nyuma inabandikwa na kubanduliwa. Namba ya chesisi iliyo kwenye kibati haidanganyi kirahisi, na herufi zake za mwanzo zinataja injini. NZT260 ni Premio au Allion ya 1.5, ZRT260 ni ya 1.8. NZT240 ni ya zamani ya 1.5, ZZT240 ni 1.8 ya kula oili, AZT240 ni D-4. NZE141 ni Axio ya 1.5. GRX120 na GRX130 ni Mark X za 2.5, GRX121 ni ya 3.0. Linganisha kibati, chuma chenyewe kilichogongwa namba, na kadi. Vyote vitatu visome sawasawa.

Namba ya gari isikuchanganye. "Namba E" inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Kuna namba E za 2005 na namba D za 2010.

Kulijaribu

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kilichofichwa, au angalau rudi kesho. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Unatafuta kulanti safi ya rangi, siyo maji ya kutu. Hili Dodoma lina uzito wake: tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mfuniko wa rejeta uliolegea hauwezi kuyazuia. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha gia boksi, maji yameingia humo kupitia rejeta, kwa sababu magari mengi hupoza oili ya gia boksi ndani ya rejeta hiyohiyo. Ondoka.

Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa.

Sasa gia. Mguu kwenye breki, peleka kutoka P kwenda R, kisha D, ukituliza kila mara. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja au mbili, kwa mshtuko mdogo. Ikichelewa, presha ya ndani imeshuka. Ikigonga "duu", inaweza kuwa mauntingi tu (mipira inayoshikilia injini), ila usikubali kauli ya muuzaji. Fundi aiangalie kwa macho.

Endesha si chini ya dakika 30, maana gia boksi mbovu nyingi huwa nzima zikiwa baridi. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba na kurudi ni safari nzuri ya kipimo, kisha malizia na mwinuko wa kupanda UDOM. CVT inayokufa inatetemeka kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa ukikanyaga taratibu, au inalia kama filimbi kadiri mwendo unavyopanda. Kwenye gia nne, angalia mshale wa RPM: ukipanda huku gari haliongezi mwendo, inateleza. Wakati wa kushuka simama mlimani, weka R, rudi nyuma kidogo kwa kupanda; gia ya nyuma hufa mapema na watu wachache huijaribu. Rudi, liache likiunguruma dakika tano, kisha kanyaga: moshi wa bluu ni oili.

AC ipime saa saba mchana, gari limesimama. Inayopoza ukiwa mwendoni tu ina feni dhaifu au kondensa iliyojaa vumbi.

Lipeleke pia likapimwe kwa kompyuta, kwa fundi wako, si wa muuzaji. Mashine ikionyesha kumbukumbu zimefutwa karibuni na vipimo vya ndani havijakamilika, taa ilizimwa kwa ajili yako. Kilomita za dashibodi zichukulie kama dokezo tu. Pedali ya breki iliyolika na usukani unaong'aa husema ukweli zaidi.

Au uagize Japani?

Inawezekana, na kwa gari jipya kidogo inalipa. Kodi ndiyo ya kuangalia: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na 10% ikizidi hapo, VAT 18%, na nyongeza ya uchakavu ya 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10 au 30% linalozidi miaka 10. Bajeti hugusa tozo hizi, kwa hiyo ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla ya kutuma hela. Gari la zaidi ya miaka 10 mara nyingi ni nafuu ulichukue mkononi mwa mtu.

Karatasi na siku za mwanzo

Dai kadi halisi. "Iko benki" maana yake gari lina mkopo, na deni hilo limalizwe kwanza mbele yako. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Tochi za polisi za kupima mwendo njia ya Morogoro zimewaachia wengi madeni. Mkataba usainiwe na mwenye jina kwenye kadi, si shemeji yake, na sehemu ya malipo ibaki mpaka umiliki ubadilishwe TRA.

Tenga kama asilimia 15 ya bei kwa ajili ya matengenezo ya kwanza. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, galoni ya lita 4 inatosha. Ekleena (chujio la hewa ya injini) ibadilishe au uipulize mara mbili zaidi ya kitabu kinavyosema, kwa vumbi hili. Oili ya gia boksi usifanye ya kusukuma kwa mashine. Imwagwe kwa bolti ya chini, ijazwe kiasi kilekile kilichotoka, na irudiwe baada ya kilomita 1,000, maana mara ya kwanza nyingi hubaki ndani. Ukilinyanyua kwa mipira ya springi, inchi moja inatosha. Zaidi ya hapo dravshafti zinakaa kwa pembe mbaya na mipira inayozifunika inachanika.

Mwisho, kwa aliyezoea gari la manyo (la gia za mkono): otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Tembea na waya za kubustia betri, hasa njia ya Mtera. Likikwama, usikubali livutwe kwa kamba huku tairi zinazovuta zikizunguka chini, za mbele kwa Premio na Axio, za nyuma kwa Mark X, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haizunguki na gia boksi inasagika kavu. Ita gari la kubeba.